Safu ya Pili

Kitabu changu cha safari kina safu mbili:
ulikotoka, ulikokwenda.
Tangu Septemba naandika jina moja kotekote,
Barka, Barka. Barka, Barka,
kama mtoto aliyeadhibiwa chuoni.

Kuruka, kushoto, kushoto, kushoto, kutua.
Miaka kumi na mmoja sikugusa usukani.
Mama alikuwa kitandani, upande mmoja umelala,
na mimi ndiye niliyejua kumgeuza.
Silalamiki.
Tulipokwisha kumzika niliikuta leseni kwenye mtoto wa meza,
chini ya vidonge vya presha,
picha yangu humo ina nywele nyeusi na kiburi.

Mwalimu wangu wa sasa, Muhannad,
alikuwa darasa la pili nilipoipata leseni ile.
Ananiita Khala Zuwena hata tukiwa angani.
Jana kanikabidhi ufunguo: "Kesho usizunguke. Nenda."
Wapi?
"Popote penye jina jengine."

Nikapiga mstari wa penseli juu ya ramani,
nyuzi mia na arubaini na tano,
kupitia pengo la Sumail hadi Bidiya.
Usingizi haukuja. Saa tisa usiku nilipika mkate wa kumimina
ili mikono ipate kazi.

Saa kumi na mbili na robo, Novemba, baridi ya kukopa.
Nachovya kijiti kwenye tangi: mafuta yapo.
Nachovya tena.
Redioni nasema Kiingereza kilichopigwa pasi, kama kanzu ya Idi;
kichwani nahesabu kwa Kiswahili,
nilivyomhesabia mama: hiki cha moyo, hiki cha damu, hiki cha usingizi.

Kwenye futi elfu moja mkono wangu, wallahi,
ukavuta kushoto wenyewe.
Ngamia wa kinu, umfungue kamba,
bado anazunguka.
Nikaurudisha. Mbele.

Nyuma yangu mitende, paa la soko la samaki,
na lile duara langu la wiki kumi
limekuwa dogo kama kisahani cha kikombe cha kahawa.

Pengoni upepo ukanishika mabega.
Milima huku na huku, rangi ya chuma cha zamani.
Ndege ikapanda futi mia bila kuniuliza,
ikashuka mia mbili.
Redio ikakata; mlima umeketi kati yangu na Maskati.
Dakika tisa hakuna aliyejua nilipo
ila Mungu na penseli.
Nilidhani nitaogopa. Niliogopa.
Lakini chini ya hofu palikuwa na kitu kingine, kimekaa kimya,
kama mtu anayengoja umalize kulia
ndipo aseme njaa inamuuma.

Kisha Ibra, kuta za udongo zisizo na mapaa,
mji alioutoka babu, mama hakuwahi kuuona,
akiutaja kama jirani
aliyeazima sufuria asirudishe.
Nikatikisa bawa mara moja.
Nikaona haya, peke yangu kule juu.

Uwanja wa Bidiya ni changarawe
na soksi ya upepo iliyochanika.
Mbuzi watatu katikati.
Nikapita chini; wakanitazama.
Nikazunguka, kushoto, kushoto, hilo nalijua,
mpaka pikapu ikaja ikawafukuza kwa honi.

Mwenye pikapu, Hamdun, akavua miwani.
Kiswahili chake cha Bujumbura:
"Rubani yuko wapi?"
Nikajigusa kifua.
Akanitazama, akaitazama ndege, akanitazama tena.
"Kutoka Barka, muda gani?"
"Dakika hamsini na nane."
Akafikiri.
"Barka yote ile, na samaki hukuleta?"

Tukala mkate wa kumimina juu ya boneti yake, bado ina moto.
Halafu nikakitoa kitabu, nikakiegemeza gotini.
Safu ya kwanza: Barka.
Kwenye ya pili kalamu ikagoma.
Nikaipulizia, nikaisugua kiganjani.
"Fanya haraka," Hamdun akasema, mdomo umejaa,
"mbuzi wanarudi."