Kusahihisha

Stima imepotea Migosi tangu saa moja.
Nimewasha tochi ya simu, nimeiegemeza kwenye kopo la sukari,
na wadudu wa ziwani wanaufuata mwanga,
wanaangukia insha za Kidato cha Pili
wakiweka nukta mahali ambapo mtoto hakutaka kukoma.

Insha thelathini na nane. Hii ni ya kumi na moja.
Festo Ambeyi, dawati la nyuma, penye dirisha lisilo na kioo:
“My father stopped to drink.”

Kalamu nyekundu imefika kabla yangu.

Wiki mbili nimesimama mbele yao na chaki.
Kitenzi cha Kiingereza, nikawaambia, ni kama mkwe:
akiagiza ng'ombe usimpelekee mbuzi.
“Enjoy” anataka “-ing”. “Promise” anataka “to”.
Kwa nini, mwalimu? akauliza Apondi.
Nikasema “to” ni kidole, kinaonyesha mbele,
kazi bado haijaguswa;
“-ing” ni jasho, limeshamtoka mtu.
Wakaandika wote, hata wasioandikaga.
Kisha “avoid” akasimama akaniumbua,
maana mkwepaji hajatoka jasho lolote,
nami nikasema, huyo mkariri tu.

Nyumbani hatuna taabu hii.
“Ku” yetu ni mlango mmoja, hauna bawabu:
nataka kusoma, nimemaliza kusoma, kusoma kwake kunanipendeza,
wote wamepita hapo hapo na viatu vile vile.
Ukisema nilikumbuka kufunga duka,
hakuna ajuaye kama ulirudi na ufunguo
au umekaa kitandani unaliona kufuli moyoni.
Mama aliishi ndani ya sentensi hiyo mwaka wake wa mwisho.
Nakumbuka kuzima jiko, alikuwa akisema,
na sisi tayari tunakimbia jikoni.

Hapa milango ni miwili.
Ambeyi alitaka kusema baba ameacha kunywa.
Alichoandika ni kwamba baba alikuwa na safari yake,
akasimama, ili anywe.

Nusu alama. Duara nimeshalichora.

Ila baba yake namjua, fundi wa baiskeli pale Kondele.
Jumamosi nilimpelekea gurudumu la mwanangu,
nikakuta spana zimelala juu ya gunia
na jirani yake, muuza mitumba ya viatu,
akanionyesha kwa kidevu
uchochoro unaoteremka Obunga.
Alikuwa anaenda nyumbani, akasema, amenunua unga.
Unga ulikuwa bado umefungwa kwenye keria,
kilo mbili, pakiti imeanza kuloa pembeni,
saa kumi na mbili na mvua inaanza.

Basi nisahihishe nini?
Sarufi inasema kosa. Kondele inasema sawa kabisa.
Nikiligeuza neno, nitakuwa nimemwachisha mtu pombe
kwa wino wa shilingi ishirini.

Asubuhi namwita koridoni.
Niambie kwa Kiswahili ulichotaka kusema.
Anaitazama sentensi, analitazama duara,
anageuza karatasi kama vile nyuma kuna jibu.
“Baba aliacha kunywa, mwalimu.”
Aliacha lini?
Anakwaruza rangi ya ukuta kwa ukucha.
“Huacha kila Jumatatu.”

Kengele inalia. Watoto wanatupita na vikombe vya uji.
Sijui kitenzi gani cha Kiingereza
kinaweza kubeba hiyo “hu” yake bila kuinama.

Namrudishia nusu alama.
Tofauti, namwambia, nitakueleza kesho.
Naahidi kueleza.
“Promise”, ananikumbusha, akiwa ameanza kuondoka,
anataka “to”.