Siku ya Hiari

Ubaoni, chini ya zamu za mashine,
karani Ndesanjo kabandika karatasi:
sikukuu za serikali kwa wino mwekundu,
na moja tupu, kila mtu ajichagulie.

Elifuraha kaandika ishirini na nne Desemba,
basi la Rombo halimsubiri mtu.
Zamda kasema yake iachwe wazi,
mwezi haujazi fomu.

Mimi nikaandika: Jumanne, kumi na moja Juni.
“Kuna nini?” Hakuna.
“Msiba? Ubarikio?” Hakuna.
Akajaza “sababu binafsi”, kalamu ikisita.

Siku hiyo magunia ya kahawa yalipimwa bila mimi.
Pasua nzima ilikuwa kazini.
Nikasikia bomba la jirani likikohoa.
Nikachemsha chai, ikapoa, nikaipasha,
ikapoa tena.

Saa nne kasoro
jua likapenya kwenye nondo za dirisha,
likavuka ndoo, likavuka viatu vya kazi,
likapanda kitandani
na kujilaza kwenye mto wangu
kama mtu aliyezoea.

Miaka sita nalipia chumba hiki.
Kumbe tuko wawili,
na mwenzangu hajachangia kodi hata senti.