Kiti cha Nyuma

Wameusimika tena mtambo pale Furahisha:
kijani, mita tisa kwenda juu, rangi imebanduka mbavuni,
na watoto wa Kirumba wameshaubatiza Kenge.
Rolakosta ni jina la kwenye tiketi.
Mimi na Lushinge tumeupanda mara kumi na moja
na bado hatujaelewana.

Yeye ni mtu wa kiti cha mbele.
Mbele, asema, ndiko kwenye haki:
unaliona shimo kabla shimo halijakuona,
upepo unaupata mbichi, haujapita puani mwa mtu.
Wa nyuma ni mzigo, ni mkia,
habari humfikia zimeshapoa.

Nami humjibu: Lushinge,
wewe unayeuza vipuri vya pikipiki Mlango Mmoja,
uzito umeusahau lini?
Kichwa kikivuka kilele hungoja wenziwe,
husitasita kama mposaji mlangoni.
Mkia ukifika pale juu, kichwa kimeshadondoka,
nao hung'olewa, hunyakuliwa,
makalio yakaachana na plastiki
na ugali wa mchana ukauliza tunakwenda wapi.
Hiyo ndiyo safari. Huko mbele ni kutalii.

Tuna daftari. Lina mitambo mitatu.
Wa nne ulikuwa wa Kampala, tuliousafiria usiku kucha
tukaukuta umefungwa kwa matengenezo.
Lushinge akauandika hivyo hivyo. Nikaufuta.
Tulinuniana kuanzia Masaka hadi Mutukula.

Fundi wa Kenge anaitwa Nyanzobe.
Asubuhi hulala chali chini ya reli,
hugonga bolti moja moja kwa nyundo ndogo
na kuisikiliza, kama mama agongaye nazi sokoni.
Tulimpelekea shauri letu. Hakulikata.
Alitushika viganja, akavipitisha kwenye chuma:
hili gurudumu la juu, linabeba;
hili la ubavuni, linaongoza;
na hili la chini ya reli halibebi kitu.
Kazi yake ni kukataa.

Jumapili ya mwisho, saa kumi na mbili kasoro,
mabehewa manne, abiria wawili:
yeye kule mbele, mimi huku mkiani,
viti vitupu katikati kama hoja zilizokwisha.
Mnyororo ukatudaka. Ka, ka, ka, ka.
Halafu umeme ukakatika.

Kirumba nzima ikasema *aaah*.
Tukabaki tumelala chali, tunatazama mawingu.
"Msishuke!" Nyanzobe alipaza sauti kutoka chini.
"Tulieni! Kenge hatambai kinyumenyume!"

Dakika ishirini na tano.
Mimi nilikiona kisogo cha Lushinge, na kovu
la wembe wa kinyozi ambalo sikuwahi kulijua.
Yeye alikuwa karibu na kilele, aliona ng'ambo.
Nilimngoja ajigambe. Hakujigamba.
Alianza kunisomea, kwa sauti, juu ya viti vitupu:
kivuko cha Kamanga kinakuja, taa moja imekufa.
Saanane imekuwa nyeusi. Maji bado meupe.
Kuna mtu anaanua nguo juu ya jiwe, kule mlimani,
shuka limemfunika, analipiga ngumi.
Ndege inashuka. Hapana. Ni korongo.
Unasikia?
Nasikia, nikasema. Endelea.

Umeme uliporudi tulikuwa katikati ya sentensi.
Ka, ka. Kichwa kikavuka, kikangoja,
nikamwona akitoweka na neno lake mdomoni,
kisha zamu yangu ikanishika kwapani
na kuninyanyua, kitako hewani, meno nje,
na ziwa lote, lile alilonisomea,
likanipita kwa pigo moja, halikusomeka.

Chini yangu nililisikia lile gurudumu la tatu,
lile lisilobeba kitu,
likikataa.

Nikateremka, magoti maji.
"Mbele," akasema Lushinge.
"Nyuma," nikasema.
Nyanzobe alikuwa ameshaanza kulegeza nati.