Herufi Tano

Jumanne usiku nafundisha Kiingereza
juu ya duka la nyuzi za sufu, mjini Kilbrannoch, Uskoti:
wanafunzi sita, hita moja, nayo hukohoa.

Siranush ametoka Gyumri. Husafisha kiwandani,
kule wanakopika wiski. Ana daftari la mistari
na ugomvi na neno moja: still.

Kwanza aliandika: bado.
Mvua bado yanyesha. Basi bado halijaja.
Kwa maana hiyo tu, nikamwambia,
mji huu utaishi mwaka mzima.

Kisha kinyozi akamshika mwanawe kichwa,
mkasi sikioni, akamwamuru kwa neno lilelile.
Mtoto akauliza kwa lugha yao: bado nini?
Hapana. Tulia. Usitikisike.
Akaandika.

Kisha ule mtungi wa shaba kazini,
mpana kiunoni, shingo imepinda
kama bata bukini anayechungulia dirishani,
unachemka usiku na mchana, nao pia wanauita hivyo!
Alinijia amekasirika.
Mwalimu, kitu kinachonguruma namna hii,
nani alikipa jina la kimya?
Nikasema lugha ni nyumba ya kupanga,
wapangaji wengine hawajuani.
Hakucheka.

Maji ya chupa yasiyo na mapovu.
Picha isiyotembea.
Goti linauma; hata hivyo, tunapanda ngazi.
Ukurasa ukajaa, akaendelea pembeni.

Bi Ishbel Geddes ndiye hutupikia chai.
Marehemu mumewe aliulinda ule mtungi miaka thelathini na minane.
Jumapili moja ya Novemba alituomba tukamsaidie
kupalilia makaburini.
Jiwe la mume. Kando yake jiwe dogo,
kimo cha mkate, lenye tarehe moja tu.

Siranush akauliza kwa macho.
Ishbel akalitamka lile neno, limeunganishwa na la kuzaliwa,
upesi, kama mtu anayevuka barafu nyembamba.

Siranush akafuta udongo mikononi, akatoa daftari.
Kidole kikashuka: bado, tulia, mtungi,
kikasimama pembeni kabisa.
"Hata hivyo," akasema taratibu, "alizaliwa."

Nilikuwa nimeshika ndoo.
Kusahihisha ni kazi yangu, nalipwa kwa saa,
na kosa lilikuwa wazi kama mchana.
Ishbel akanitazama mara moja.
Nikafunga mdomo.

Alibandua jani lililogandia juu ya jiwe,
akalitia mfukoni, sijui kwa nini.
"Lorne," akasema. "Tulimwita Lorne."
Chini bondeni kiwanda kilikuwa kikitoa mvuke.

Jumanne chai ilikuwa kali mno, hakuna aliyelalamika.
Tulisoma wakati ujao.
Daftari la Siranush lina kosa, pembeni, kwa wino wa kijani.
Bado sijalisahihisha.