Mizani ya Katumba

Kibanda chetu cha kupimia chai kina bati bovu na nguzo sita,
na mimi, Anyosisye, karani, nimerudia kalamu ya kufungwa kamba
tangu tarehe tisa Juni, tableti ya zamani ilipoganda
gunia la Bi Tusekile likiwa bado linaning'inia kwenye ndoana.
Iliganda kweli. Haikuzimika, haikuamka.
Wakulima mia tatu na kumi na wawili wakachanga elfu mbili mbili,
wakanituma Mbeya: nenda, ukatuchagulie yenye akili.

Mwanjelwa, duka la pili ukishawapita wauza vitenge,
kijana akanitandikia mbili mezani
kama mtu anayepanga parachichi.
Bei moja. Zote nyeusi.

Ya kwanza, inchi kumi.
Alipoiwasha, duka likapata dirisha:
maporomoko ya maji, kila tone limesimama peke yake,
na kijani ambacho hata Rungwe, baada ya mvua za Aprili,
haijawahi kukithubutu.
Tarakimu zake ungezisoma ukiwa ng'ambo ya barabara.
"Na tumboni?" nikauliza.
Akashusha sauti. "Gibi thelathini na mbili. Ramu mbili."
Nikaifungulia orodha ya majina. Ikafikiri.
Ikafikiri kama mwenyekiti aliyeulizwa fedha za mbolea.

Ya pili, inchi nane, kioo kimefifia;
ukiiinamisha rangi zinahama,
na uso wangu ulionekana humo kuliko maandishi.
Lakini gibi mia na ishirini na nane, ramu sita:
kabla hujaigusa sawasawa imeshafika,
inakungoja huko mbele.

Nikazishika, moja kulia, moja kushoto.
Miaka kumi na moja napima majani,
natoa uzito wa gunia, natoa uzito wa umande,
sijawahi kukosa la kusema.
Siku ile mikono ilikaa sawa, ikanyamaza.

Maana kioo kikubwa ni haki ya leo:
Bi Tusekile, mwenye mtoto wa jicho,
anasogea, anaiona namba yake kabla sijaitamka,
na mimi nashindwa kuwa mwizi hata nikitaka.
Kumbukumbu ni haki ya Desemba,
siku ya bonasi, kila mkulima anapokumbuka zaidi
na kiwanda kinakumbuka pungufu.

Nikaomba nitoke nazo nje. Kijana akanifuata unyounyo.
Jua la saa sita likaimeza ile ndogo yote;
kubwa ikabaki inabishana nalo.
Nilitaka kuilipia.
Halafu nikacheka peke yangu barabarani:
jua gani? Katumba, ukungu unaondoka saa nne,
na saa tisa umesharudi.

"Hela yote ile," akasema Mzee Mwaisaka, "mkanunua kigae?"
Nikaahidi kusoma kila kilo kwa sauti,
na sauti yangu, wanajua, inafika mpaka mtoni.
Nikahamishia humo daftari zima la msimu.

Bi Tusekile akasubiri wote waondoke.
Akatoa kopo la maziwa lililojaa maharage:
harage moja, kilo moja, msimu mzima.
Tukahesabu juu ya khanga yake.
Tableti: mia mbili na kumi na moja.
Kopo: mia mbili ishirini na sita.
Tukahesabu tena. Kumi na tano zimezidi.

Nikatazama ndoana.

Nikaandika: tarehe tisa Juni, kilo kumi na tano.
Ikahifadhi kabla kidole hakijainuka.
"Na kama panya waliingia kopo?" nikamuuliza, karani ni karani.
Alikuwa anayarudisha maharage mojamoja, kwa kupapasa.
"Waliingia," akasema.
"Lakini panya, mwanangu, hula. Haongezi."