Punje Nne

Risasi za bunduki hii ya wenzo
hazipatikani tena Fort Kent.
Kiwanda kimeacha kuzifyatua; Normand wa dukani
hunitazama kama niliyeulizia tandiko la punda.

Basi nafyatua mwenyewe, chumba cha chini, Novemba,
theluji imeziba kidirisha,
mashine nimeikaza kwa skrubu nne
juu ya meza ambayo mama alikandia unga.

Maganda ninayo thelathini na moja. Nayajua moja moja.
Shaba nayo huzeeka: ukiibana na kuiachia,
ukiibana na kuiachia, inakuwa ngumu
kama mtu aliyesamehe mara nyingi mno,
kisha siku moja, shingoni, ufa.

Nashusha mpini. Fataki iliyokufa inadondoka,
nyeusi, kama jicho la panya.
Mpya inaingia. Baruti kwenye kibia cha mizani.
Halafu kichwa, na kichwa lazima kiwe butu,
kwa kuwa ndani ya bomba risasi zinakaa foleni,
pua ya hii kwenye fataki ya mwenziwe,
na pua kali hapo ni msiba.

Jana, nyuma ya kopo la misumari, kisanduku cha biskuti.
Risasi sita. Utepe, mwandiko wa baba:
Rosaire, Oktoba 1974.

Risasi ya mtu mwingine haipigwi, hata ya baba yako.
Nikazitia kwenye nyundo ya kung'olea, nikagonga, nikagonga,
vichwa vikatoka kama meno ya mtoto.
Nikaimwaga baruti kwenye mizani.

Pungufu kwa punje nne.
Ya pili, punje nne. Ya tatu.
Kufikia ya sita sikuwa napima tena,
nilikuwa nimekaa tu.

Huyu ndiye tuliyemcheka mezani.
Ami Philias: "Rosaire huwinda kwato!"
Kila mwaka risasi yake ilipita chini ya kulungu,
naye akacheka nasi, akamega mkate
kwa mkono wa kushoto.

Wa kushoto.

Gogo lilimwangukia kiwandani, vuli iliyotangulia.
Jumatatu alirudi kazini. Alisema si kitu.

Mficha maradhi, kilio humuumbua.
Lakini sisi tulilia, tukangoja hadi Mei ardhi iyeyuke,
tukamzika, na kilio hakikumuumbua.
Imemuumbua mizani,
miaka hii yote baadaye, kwa kitu
ambacho ningepiga chafya kingepeperuka.

Maganda yake sita nimeyajaza upya.
Matano kwa kipimo changu.
La sita kwa kipimo chake, nimelitia tone la rangi ya kucha,
nyekundu, nisije nikalikosea gizani.

Jumamosi litatangulia.
Kulungu si hoja.
Nataka bega langu lisikie
kiasi alichokuwa akikiweza.