Saa Kumi, Nyuma ya Ghala

Baba hasikii tena sauti nyembamba.
Miaka thelathini na minne ya kiwanda cha maziwa,
chupa zikigongana mkandani usiku na mchana,
imemwachia ngurumo tu: trekta, mlango, mbwa wa jirani.
Ndege wa Frislandi walimnyamazia mmoja mmoja,
na wa mwisho kuondoka alikuwa huyu,
kifua chekundu, mdogo kuliko kiganja.

Basi Januari, sakitu ikishika nyasi,
tunatoka jua likiwa limebakiza
vidole viwili juu ya tuta la mfereji.
Yeye hubeba kamera. Mimi hubeba masikio.

“Yuko wapi, Jeltsje?”
Namgusa bega la kushoto: juu ya nguzo ya uzio,
ile iliyopinda.
Anapiga magoti kwa awamu, goti bovu mwisho,
akilaani kwa Kifrisi,
mpaka jua likae mgongoni mwa ndege sawasawa.
Hataki manyoya. Manyoya, asema,
yamejaa kwenye kalenda za benki.
Anataka mvuke:
mdomo ufunguke katika baridi,
nuru iupenye wimbo kwa nyuma
nao uonekane,
wa dhahabu, umesokotwa, mara umekatika.

“Sasa,” nasema. Ta-ta-ta-ta.
“Huu ulikuwaje?”
“Ulipanda, kisha ukamwagika
kama sarafu ngazini.”
Anatikisa kichwa, kama mtu aliyesomewa barua
ya rafiki wa zamani.

Jua likagusa tuta.
“Amenyamaza,” nikasema. “Twende, vidole vyangu vimekufa.”
Hakusogea. Akabonyeza mara moja zaidi.

Jikoni, buti zetu zikichuruzika sakafuni,
akanigeuzia kioo cha kamera.
Picha ya mwisho. Mdomo umefumbwa,
lakini koo limetuna
kama la mtoto aliyeficha peremende,
na pembeni mwa mdomo uzi wa mvuke,
mrefu, mwembamba,
wa ndege aimbaye ndani kwa ndani.

“Kumbe alikuwa anaendelea.”

Sikujibu. Mwezi wa nne natimiza hamsini na tatu.
Birika likachemka; sijui kama lilipiga mluzi.
Baba akaweka vikombe, akatafuta sukari,
na kabla hajaniuliza kijiko kimoja au viwili
akageuka kwanza, niuone mdomo wake,
kama mimi nimfanyiavyo.